Mkono Usiotetemeka

Katika mji ule hakuna mtu mzima aliyewahi kupiga makofi peke yake. Ukitaka kumshangilia bwana harusi ulimtafuta jirani, yeye akatoa kiganja chake nawe ukatoa chako, mkavigonganisha, na kama mlikuwa mmekosana siku hiyo, harusi ilipita kimya. Kukamua nguo kulikuwa kazi ya watu wawili. Muhogo ulimenywa kwa kubanwa magotini, fundo lilifungwa kwa meno, na wazee walioishiwa meno walitembea na mashuka yaliyopachikwa miiba. Methali ile ya kidole kimoja na chawa ilipigwa marufuku na baraza, na chawa wakaneemeka. Hata hivyo watu wa mji ule walijiona wametakata kuliko wote walio chini ya jua, na jua lenyewe, ambalo huko halikuwa na haraka, liliweza kusimama utosini juma zima likiwatazama.

Wazazi wa wazazi wao walifika pale wakikimbia moto. Wengine walisema ni moto wa vita, wengine wakasema ulishuka kutoka juu; aliyeungua hana nafasi ya kuuliza. Walibeba Kitabu, na njiani moto ukakila Kitabu, ukabaki ukurasa mmoja. Walipofika kwenye uwanda wa chumvi, mahali ambapo hata kunguru hupita bila kutua, waliubandika ukurasa ule kwa utomvu juu ya ubao wa mninga, usije ukapeperushwa, wakauita Neno Lote. Ukurasa ulisema, kati ya maneno yaliyoliwa na masizi, kwamba mkono ukimponza mwenye nao na auondoe, maana ni heri kuufikia uzima ukiwa pungufu kuliko kuufikia moto ukiwa kamili. Watu waliotoka kukimbia moto hawahitaji kuambiwa mara mbili. Wakanoa shoka.

Upande wa pili wa ukurasa hakuna aliyeujua. Ulikuwa umelala kwenye utomvu, kifudifudi, tangu siku ile.

Kutoka kwenye ukurasa huo mmoja walijenga kanisa, baraza, na desturi. Waliamini kwamba ndani ya kila mtu wanakaa wawili, mwenye nguvu na mwenye udhaifu, na kila mmoja amepewa mkono wake. Kwa hiyo kijana akitimiza miaka kumi na minane aliingizwa katika Juma la Mashahidi. Siku tatu mkono wake wa kushoto ulifungwa ubavuni kwa kamba ya katani, na wa kulia ukaachwa huru, ukifuatwa na wazee wenye vibao vya kuandikia. Siku tatu nyingine kamba ikahamia upande wa pili. Siku ya saba alipiga magoti mbele ya gogo, chini ya ubao wa Neno Lote, na mkono ulioshindwa ukatengwa naye. Baada ya hapo alihesabiwa kuwa mtu mwema, na kwa kweli wengi wao hawakufanya tena mabaya makubwa. Hawakufanya tena jambo lolote kubwa.

Mkataji wao aliitwa Elikana, mwana wa mkataji. Ndiye mtu mzima pekee aliyebakiziwa mikono miwili, kwa kuwa shoka lile halikubali kushikwa na mmoja. Walimheshimu namna mtu anavyomheshimu mbwa wa jirani, kwa salamu ya mbali. Kanisani alikaa benchi la nyuma ili asiwakumbushe. Lakini walimwimbia. Wimbo ulisema mkono wa Elikana hautetemeki, na kweli haukutetemeka. Alikata mara moja. Mfupa uliitika, damu ikaruka ikamlowesha kifua, mtu akapiga yowe, na Elikana akalisimika shoka kwenye gogo akaenda zake bila kugeuza shingo. Hiyo ndiyo sheria aliyoachiwa na baba yake, kwamba mkataji akigeuka nyuma leo, kesho atakata vibaya. Wengine ndio walioshindilia chumvi kwenye kigutu, wengine ndio walioshika kichwa cha anayezirai. Yeye alikwenda kunawa. Miaka yote hiyo mikono mizima kuliko yote mjini haikuwahi kufunga jeraha hata moja, na hakuna aliyeliona hilo kuwa ajabu.

Alikata miaka thelathini. Au alikata siku moja tu iliyorudi na kurudi, maana jua lilikuwa palepale na yowe lilikuwa lilelile. Mara nyingine, shoka likiwa juu, alipotewa asijue yuko upande gani wa gogo. Alimwona aliyepiga magoti ana uso wake yeye, akahisi ubaridi wa mti chini ya kiganja chake mwenyewe, na juu yake akaona mtu mrefu asiye na macho ameinua chuma. Akajiuliza, nani atapiga kelele sasa? Kisha kelele ikatoka kwa mwingine, naye akajua kwamba ni yeye mwenye mpini, akamshukuru Mungu. Ilikuwa shukrani ya kutisha, na aliirudia kila juma.

Mkewe, Yunike, alikuwa mmoja wa aliowakata. Mkono wake wa kushoto ulishtakiwa kwa kugawa. Kila aliyepita mlangoni kwao uliwahi kumchotea unga, hata siku ambazo ndani hapakuwa na wa kesho. Ulipoondolewa, Yunike hakumnyima mtu kitu kwa makusudi, ila mkono uliobaki ulishika chungu na hapakuwa na mwingine wa kushika upawa. Mwaka uliofuata aliolewa na Elikana. Wanawake walipomuuliza kisimani ilikuwaje akubali kulala na shoka, aliwajibu: "Nilimtazama nikaona ana mikono miwili. Nikadhani ataniazima mmoja."

Hakumwazima. Alikuwa mume mwaminifu, hakumpiga, hakulewa, na chakula hakikukosekana. Lakini Yunike alipopika alibana mwiko kwa kwapa, na mumewe alimwangalia akiwa ameketi, mikono yake miwili imelala mapajani. Alikuwa mtu asiyeyumba. Alidhani kutoyumba kunatosha.

Kisha binti yao wa pekee, Persida, akatimiza miaka kumi na minane.

Siku tatu mkono wake wa kulia ulifagia, ulisalimu, uliwanywesha vikongwe uji bila kumwaga tone. Katika siku ya pili ya hizo, wanaume watano walimkamata kichaa mmoja langoni kwa kosa la kuingia mjini akiwa na mikono miwili. Walimpiga mateke na mabonge ya chumvi mpaka sikio likaning'inia na meno yakabaki mchangani. Aliita mama yake, kisha akaita mama wa kila mtu, kisha akanyamaza. Persida alikuwa hatua nne kutoka pale. Mkono wa kulia ulitulia kwa adabu juu ya tumbo, na mashahidi wakaandika kuwa ni mpole. Jioni kamba ya upande wa kushoto ilikutwa imelowa damu, kwa sababu mkono uliofungwa ulikuwa umevutana nayo hadi nyama ikaonekana. Hilo halikuandikwa. Haikuwa zamu yake.

Siku ya nne kamba ikahama, na mkono wa kushoto haukungoja hata uji wa asubuhi. Mkuu wa baraza, Mzee Hezroni, alisimama uwanjani akawatangazia watu kwamba yule kichaa amefariki, na kwamba amefupishiwa tu safari. Persida alimfuata akamzaba kofi lililomtoa jino. Kofia ya mzee ilikwenda upande wake na mzee upande wake. Kesho yake bibi kizee Merabu aliteleza akatumbukia katika chemchemi ya magadi inayochemka nyuma ya kanisa. Wanaume wawili walisimama ukingoni wakishauriana nani amshike wapi, maana kila mmoja alikuwa na mkono mmoja na alihitaji kujishikilia nao. Persida aliutosa mkono wa kushoto hadi kiwiko, akamkamata bibi kwa nywele, akamburura hadi nchi kavu akiwa mwekundu na akipumua. Kisha kwa mkono uleule, ngozi ikiwa imeanza kubambuka kama ganda la kiazi, akampiga mmoja wa wale wanaume shingoni. Mashahidi waliandika kwamba amepiga tena.

Siku ya sita Mzee Hezroni alibisha hodi nyumbani kwa mkataji. Elikana alimwamkia, mzee akaitikia marahaba, akaketi. Alikuwa mzee mwembamba, na mkono wake pekee, wa kulia, ulikuwa na kidole cha shahada kirefu kwa sababu ya kuonyesha watu.

"Ni wa kushoto," alisema. Pengo lilimfanya ateme mate kidogo.

"Ule uliomtoa bibi Merabu?" aliuliza Yunike.

"Ule ulionitoa jino, Mama Persida."

"Ni mkono mmoja huo, Mzee."

"Ndiyo maana tunaukata mmoja."

Elikana alitazama sakafu. "Mzee, naomba kazi ya kesho apewe mwingine."

"Mwingine yupi? Nani ana mikono miwili?" Mzee hakusema kwa ubaya, alikuwa mtu wa haki, na mtu wa haki akikosea huwa hana breki. "Ukishindwa wewe, nitawapa shoka watu wawili wawili, walishike kwa pamoja. Watakata mara sita, mara saba, kama wapasua kuni zenye vifundo. Ukimpenda mwanao, mkate wewe. Mkono wako hautetemeki."

Alipoondoka hakuna aliyeinuka kumsindikiza. Persida alikuwa ukutani, mkono wa kushoto umezungushiwa majani ya mgomba.

"Baba, sitaki kukudanganya," alisema. "Mkono huu unanitisha hata mimi. Nilipompiga Mzee nilitaka kumpiga tena, na tena, hadi asisimame. Ile haikuwa haki, ilikuwa tamu tu. Na nilipomshika bibi Merabu ilikuwa hasira ileile. Nimetafuta mpaka kati ya hizo mbili, nimeukosa."

"Ungemwomba Mungu akupunguzie."

"Akipunguza, atapunguza upande upi?" Alifikiri kidogo. "Mimi huwa namwomba akae hapa ndani nayo. Asiniache nayo peke yangu."

Elikana aliinuka. Alitoka nje, na jua lilikuwa bado utosini, kama alivyoliacha utotoni.

Alikwenda kwenye Shimo. Liko nyuma ya uwanda wa chumvi, limefunikwa kwa bamba la mti, na mkataji peke yake ndiye mwenye ruhusa ya kulifunua, kwa kuwa ndiye anayepeleka huko mikono iliyokatwa. Miaka thelathini alifika pale na kikapu, akasogeza bamba kwa mguu, akamimina, akafunika. Hakuwahi kutazama ndani, maana sheria ya kutogeuka aliichukua hadi huko. Siku hiyo hakuwa na kikapu. Alilala kifudifudi ukingoni akachungulia.

Chumvi ilikuwa imeitunza mikono yote. Haikuoza. Ilijaa kuanzia chini hadi karibu na uso wake, ya wanaume na ya wanawake, yenye sugu na yenye hina, na yote ilikuwa imeshikana. Kidole kilipita kati ya vidole, kiganja kililala juu ya kiganja. Mikono ya ndugu waliokosana hadi kufa ilikuwa imefumana kama mkeka. Mmoja alioujua kwa pete yake ya shaba ulikuwa wa Mzee Hezroni, uliokatwa na baba yake Elikana zamani hizo kwa kosa la kuwafuta machozi watu waliohukumiwa. Nao pale chini, taratibu, bila kuchoka, ulikuwa ukiupapasa mkono mwingine mgongoni.

Kulia kidogo palikuwa na mkono wenye kovu la chungu kwenye shina la kidole gumba, kovu lenye umbo la haragwe. Alilijua kovu lile. Usiku wa harusi alilitafuta kwenye mkono uliobaki, kama mpumbavu, akakumbuka liko wapi. Alishusha kidole chake gumba. Mkono wa Yunike ulikikamata namna mtoto mchanga anavyokamata, kwa nguvu isiyo na sababu, na ukakishikilia.

Nimekata nini, alijiuliza. Waliniletea mtu nikakata nini? Walisema udhaifu. Nilipata damu, mfupa, mshipa mweupe unaoruka kama mjusi. Udhaifu sikuuona. Nilimkata mgawaji, unga ukabaki na watu wakabaki na njaa. Nilimkata mkali, na siku ya chemchemi hapakuwa na mkali. Bwana, uliyefinyanga kidole na kidole, ulikuwa ukifinyanga huku umesinzia? Au mimi ndiye niliyesinzia? Na mimi je? Hakuna aliyenifunga kamba juma zima. Hakuna aliyefuata mikono yangu na kibao. Wangeandika nini? Haikutetemeka. Haikutetemeka. Haikutetemeka. Wangeandika hilo kwenye nguvu au kwenye udhaifu?

Mkono wa Yunike ulimwachia. Juu ya kidole chake gumba palibaki alama nne nyeupe za chumvi.

Siku ya saba watu walijaa uwanjani tangu mapema. Ubao wa Neno Lote ulisimamishwa nyuma ya gogo, ukiegemea nguzo, ili kila akatwaye aone sababu yake. Persida alipiga magoti bila kusukumwa, akaweka mkono wa kushoto juu ya gogo, mwekundu na wenye malengelenge. Hakulia. Alikuwa akiwatazama watu kwa jicho lililowafanya wengi wainamishe nyuso. Yunike alisimama mstari wa mbele.

Mzee Hezroni alionyesha kwa kidole. "Kata."

Elikana aliinua shoka. Shoka lilifika juu na halikushuka. Chini yake aliuona mkono wa mwanawe, kisha chini ya ule akaona mwingine, na mwingine, kama maji yanayoonyesha kina chake, hadi chini kabisa ambako mtu alipiga magoti akiwa na uso wake yeye Elikana, akingoja. Watu waliona jasho. Wengine walidhani anasali.

Akashusha shoka polepole. "Huu haujamponza mtu," alisema. "Uliowaponza wote hapa ni huu." Akapiga goti upande wa pili wa gogo, akaweka mkono wake wa kulia juu ya mti, kando ya mkono wa mwanawe, na kwa mkono wa kushoto akakamata mpini karibu na chuma.

Uwanja ukashusha pumzi. Watu walipendezwa. Mwanamke mmoja alimgeukia jirani yake, wakagonganisha viganja, na wengine wakafuata, hadi makofi yakaenea. Hilo peke yake lingetosha kumzindua, lakini mtu aliyezoea dawa moja huimeza hata kwa ugonjwa alioletewa na dawa hiyo.

"Baba Persida," Yunike alisema, wala hakupaza sauti. "Hata toba yako ni kukata?"

Alimsikia, ila shoka lilikwisha anza kushuka. Lilishuka vibaya, kwa mkono wa kushoto usioizoea kazi, na Persida akalidaka. Hakufikiri. Ule mkono mkali, ulioungua, uliompiga mzee, uliruka kutoka kwenye gogo ukakamata pale mpini unapokutana na chuma, ukalisukuma shoka pembeni kwa hasira yake yote. Vidole viwili vya mwisho vilikatika vikaanguka mchangani. Shoka likamponyoka Elikana, likaruka juu ya gogo, likauchapa ubao wa Neno Lote katikati. Mninga ule ulikuwa umekauka karne nzima. Ukapasuka toka juu hadi chini, utomvu ukavunjika vipande vipande, na ukurasa ukabanduka mzima ukaanguka kifudifudi, mgongo wake juu.

Elikana alisimama, akageuka, akaenda zake.

Hakuamua. Miguu yake ilifanya ilivyofundishwa, kwamba chuma kikishapita na damu ikisharuka, mkataji huondoka. Ilikwisha piga hatua tatu kuelekea kwenye pipa la kunawia. Nyuma yake mwanawe alikuwa akivuja damu kama chungu kilichotoboka, naye alikuwa akienda kunawa.

"Baba," Persida aliita.

Hatua ya nne haikupigwa. Shingo ya Elikana, ambayo kwa miaka thelathini haikugeuka, iligeuka kwa shida, kama bawaba yenye kutu, na akaona kile walichokiona wengine kila juma. Aliona mtu aliyeshika kiganja chake kwa kiganja kingine akijaribu kuirudisha damu ndani. Akarudi mbio. Alipofika alipiga magoti akanyoosha mikono, na mikono yote miwili ilikuwa ikitetemeka kama ya mwenye homa.

Ndipo jiwe la kwanza likatupwa. Mtu aliyevunja Neno Lote anajulikana atendewe nini, na watu wale walijua kutupa, maana kutupa jiwe ni kazi ya mkono mmoja. La kwanza lilimpata Elikana mbavuni, la pili likampasua paji la uso, la tatu lilimvunja Persida kidole cha mguu. Damu ilimwingia Elikana machoni. Alijikunja juu ya mwanawe, akaanza kurarua kanzu yake kwa meno, na mawe yakamlia mgongoni yakitoa mlio wa magunia yanayoshushwa.

Mzee Hezroni hakutupa. Alikuwa ameinama kuuwahi ukurasa kabla haujaonekana, mkono wake mrefu mbele, lakini Yunike alitangulia akakanyaga pembe yake.

"Uache hivyo hivyo, Mama Persida. Upande ule haukuandikwa kwa ajili yetu."

"Kwani huu tuliandikiwa sisi?" Yunike akachutama. Aliyajua maandishi, kwa sababu baba yake alikuwa mwandishi wa vibao. Akasoma kimya kwanza, midomo ikicheza, jiwe likapita juu ya kichwa chake wala hakuligutukia. Kisha akasema kwa sauti, kwa maneno yake, kama mtu anayepeleka habari nyumba ya pili: "Kuna watoto hapa. Wameletwa kwa Bwana, na wakubwa wanawafukuza. Bwana anakasirika."

Aliyekuwa na jiwe akabaki nalo.

"Anakasirika?" aliuliza Mzee Hezroni.

"Sana. Imeandikwa hivyo." Yunike akafuata mstari kwa kidole. "Kisha anawatwaa watoto wale anawakumbatia. Anawawekea mikono, anawaombea heri."

Mzee alitafuna pengo lake kwa muda mrefu. Alikitazama kigutu chake cha kushoto, ambacho tangu ujana alikificha chini ya kanzu. "Kwa mikono ileile?" aliuliza. "Ile ya aliyekasirika?"

"Hapa haikutajwa mingine, Mzee."

Chemchemi ya magadi ilisikika ikichemka nyuma ya kanisa. Jua, kwa mara ya kwanza ambayo mtu yeyote aliikumbuka, lilikuwa limesogea, na kivuli cha ubao uliopasuka kililala juu ya miguu yao. Nisiwapambe watu wale. Si wote walioelewa, na baadhi ya walioelewa walikasirika zaidi, maana mtu akishatoa mkono wake hapendi kuambiwa haukuhitajika. Jiwe zito kuliko yote lilimpata Elikana begani baada ya ukurasa kusomwa, si kabla, na akasikia mfupa ukiachana na mwenzake. Aliyelitupa alikuwa akilia.

Elikana alikuwa amekwisha zungusha kitambaa mara tatu kwenye kiganja cha mwanawe. Sasa alitaka kufunga. Mtu huyu aliyejua kila kiungo cha mkono kinaachania wapi hakujua fundo linavyokwenda. Alipitisha ncha moja juu ya nyingine, akavuta, bega likamchoma, vidole vikacheza, kitambaa kikalegea, na damu ikatoka upya.

"Mama Persida," aliita. "Sijui kufunga."

"Najua hujui," Yunike alisema akija.

"Unavuta kwa nguvu mno, baba," alisema Persida, midomo imekuwa mieupe. "Halafu unalegeza mno."

"Nishike vipi?"

Yunike alipiga magoti kati yao. Mzee Hezroni alikuwa bado amesimama pale pale, mkono wake mmoja ukining'inia, kidole kile kirefu hakionyeshi mtu. Yunike alimtazama mumewe usoni, damu na chumvi na kila kitu, kisha akaweka kidole chake juu ya fundo, pale katikati, lisikimbie.

"Haya," alisema. "Sasa funga."

Akafunga, na fundo likashika.